Siku moja ya Delhi kwa rupia 7,000: jibu letu kwa wanaotuuliza kuhusu dereva wa 800

Wiki iliyopita kaka mmoja wa Morogoro, aliyekuja Delhi kumuuguza baba yake, alituandikia ujumbe mrefu. Tulimtembeza yeye na dada yake siku ya Jumatano, wakarudi wamechoka lakini wameridhika. Usiku ule ule jirani yake wa chumba kwenye nyumba ya wageni akamwambia kwamba yeye alizungushwa mji mzima siku ya Jumatatu kwa rupia 800 tu. Sisi tulikuwa tumechukua 7,000. Asubuhi tukaamkia neno moja kwenye simu: "Mmenipiga."

Si mara ya kwanza kuambiwa hivyo, na kila mara linaniuma. Kazi hii mimi na mume wangu tunaifanya wenyewe. Yeye ni mzaliwa wa hapa na ana leseni ya kuongoza watalii. Mimi ni wa Tanga, napokea simu, natafsiri, natembea na wageni hatua kwa hatua. Basi nijibu hapa mara moja, kwa wote.

Yule kaka nilimuuliza swali moja: jirani yako alirudi na nini? Alirudi na shali mbili za "pashmina", rupia 9,000 kila moja, na zulia dogo la 14,000. Red Fort, ile ngome kubwa ya kale, hakuingia, kwa sababu hufungwa Jumatatu, na dereva wa Delhi hawezi kusema hajui hilo. India Gate aliiona dirishani. Sehemu kubwa ya siku aliimaliza ndani ya maduka matatu akikaribishwa chai na kukunjuliwa mazulia.

Shali zile nilimwomba achomoe uzi mmoja kwenye matamvua, auwashe kwa kiberiti na kuunusa. Pashmina ni sufu ya mbuzi, na sufu ikiungua hunuka kama nywele zinazoungua. Uzi wake ulinuka karatasi. Hiyo ni viskozi, uzi wa kiwandani unaotokana na miti, na sokoni utaipata kwa mia chache. Kwa hiyo ile siku ya 800 haikuwa ya 800. Ukijumlisha, jirani alitoa 32,800, na hakuna jengo la kale hata moja aliloingia.

Utaratibu wenyewe uko hivi, na watu wa kazi hii wote wanaujua. Dereva anayekubali siku nzima kwa 800 hafidii hata mafuta na chakula chake. Ameshajua hela nyingine itatokea wapi. Duka linampa kamisheni kwa kila unachonunua, na kamisheni hiyo imeshapandishwa kwenye bei unayotajiwa. Kuna maduka yanayompa hata kuponi ya mafuta kwa kukufikisha mlangoni tu, ununue usinunue. Ndiyo maana anakubembeleza, "Dakika kumi tu, kuangalia ni bure." Sitaki kumtukana mtu, wengi wao ni baba wenye watoto wa kulisha. Lakini mteja ajue kwamba siku hiyo anayemlipa dereva ni mwenye duka, na atakayemfuata ni huyo anayemlipa.

Sasa hesabu yetu, kwa sababu hatuna cha kuficha. Delhi gari la siku hukodishwa kwa kipimo cha saa 8, kilomita 80. Ukizidisha saa unaongeza, ukizidisha kilomita unaongeza. Gari safi lenye kiyoyozi na dereva tunayemwamini ni 2,600. Mwongoza watalii ni 3,000. Maegesho, maji ya kunywa na rikshoo za baiskeli kule mji wa kale, 600. Kinachobaki ofisini ni 800, na hapo ndani kuna simu zote za wiki nzima za "dada, nikibadilisha tarehe je?" Bei hii ni ya gari zima hadi watu wanne, si ya kichwa kimoja. Familia ya wanne inalipa 1,750 kila mtu. Viingilio ni juu yenu, na risiti mnabaki nazo. Dukani hatuwapeleki mpaka mseme mnataka duka, na mkisema, tunawapeleka mnakotaka ninyi na hatuchukui kitu nyuma ya pazia.

Kwenye viingilio ndiko penye njia ya mkato ninayoichukia kuliko zote. Mnara wa Qutub Minar na kaburi la mfalme Humayun, mgeni analipa karibu rupia 600 kila sehemu, wakati mwananchi wa India hulipa chini ya 50. Hii ni bei ya serikali, imeandikwa dirishani. Mwaka jana vijana wawili kutoka Nairobi walikuja kwetu siku ya pili, baada ya kuharibikiwa siku ya kwanza. Dereva wao aliwaambia wampe 300 kila mmoja "awapitishie". Akawanunulia tiketi za wananchi, akatia iliyobaki mfukoni. Mlangoni wakaombwa vitambulisho, wakarudishwa mbele ya foleni nzima, wakalazimika kununua tiketi za wageni. Wale watoto walipata aibu ya bure. Sisi tunanunua tiketi mtandaoni usiku uliotangulia, kwa namba ya pasipoti, na pasipoti mnakuja nazo mkononi.

Kingine tunacholaumiwa ni idadi. "Mwenzenu anaahidi sehemu kumi, ninyi nne." Ni kweli, nne, na tano miguu ikiwa mizuri. Foleni za magari za Delhi anazijua aliyekwama Ring Road saa kumi na moja jioni. Sehemu kumi kwa siku maana yake ni kupiga picha ukiwa getini na kurudi garini. Mume wangu hakusomea kazi hii ili asimame getini.

Nitoe mfano wa Qutub Minar. Mnara una urefu wa mita 72 na nusu, ulianzishwa na Qutb-ud-din Aibak mwishoni mwa karne ya 12 na kuendelezwa na Sultani Iltutmish. Wageni wengi wanataka kuupanda kwa sababu wamesikia una ngazi 379. Haupandwi tangu 1981, ulipotokea msongamano gizani humo ndani na watu wengi kufa, wengi wao watoto wa shule. Anayekuuzia safari kwa ahadi ya kupanda anakudanganya tangu mwanzo. Cha kupata pale ni kingine. Ibn Battuta, yule msafiri wa Tangier aliyelala usiku mmoja Mombasa na kufika Kilwa mwaka 1331, miaka michache baadaye alikuwa kadhi hapa Delhi chini ya Sultani Muhammad bin Tughluq, na msikiti ulio hapo Qutub pamoja na mnara wake ameviandika. Nikiwaambia wageni wa pwani kwamba aliyeuona mji wa Kilwa ukiwa katika fahari yake alisimama pia kwenye ua huu, wanaacha simu zao, wanaangalia.

Halafu kuna Razia, binti wa Iltutmish, aliyekaa kwenye kiti cha usultani mwenyewe, mwanamke, kuanzia 1236 hadi 1240. Miongoni mwa watu aliowapandisha cheo alikuwa Mhabeshi, Jamal-ud-din Yaqut, akampa usimamizi wa mazizi ya farasi wa kifalme, cheo kikubwa enzi zile. Wakuu wa Kituruki hawakuvumilia. Yaqut akauawa na Razia akaondolewa. Kaburi linalosemwa kuwa la Razia liko uchochoroni karibu na Turkman Gate, halina kiingilio wala kibao kikubwa, na hakuna duka jirani linalotoa kamisheni. Kwa hiyo dereva wa 800 hatakupeleka. Sisi tunakupeleka ukitaka. Mwalimu mmoja wa historia kutoka Bukoba alikaa pale robo saa nzima bila kusema neno, na jioni akaniambia kwamba hiyo ndiyo picha atakayowaonyesha wanafunzi wake.

Mji wa kale, ule wa mfalme Shah Jahan, nao unataka mtu anayeujua. Tangu 2021 magari hayaruhusiwi kuingia barabara kuu ya Chandni Chowk kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tatu usiku. Dereva peke yake atakushusha mwanzoni akwambie "tembea tu, utaona", na hapo ndipo wageni wanapopotea. Sisi tunachukua rikshoo za baiskeli, bei tumeshaikubali kabla hujapanda, mpaka msikiti wa Fatehpuri, kisha kwa miguu Khari Baoli, soko la viungo. Barabara yenyewe, Chandni Chowk, ilipangwa na Jahanara, binti wa Shah Jahan, na baba yake ndiye aliyejenga Red Fort, kuanzia 1639 hadi 1648. Khari Baoli pilipili kavu hukukaba koo mpaka ukohoe. Ingia na kitambaa. Utaona magunia ya korosho na karafuu, na mtu wa Mtwara au Pemba atasimama tu, kwa sababu India hununua mazao hayo kutoka kwetu, na hapa anayakuta yakipimwa kwenye mizani ya mtu mwingine.

Msikiti mkuu, Jama Masjid, uliokamilika 1656, wageni hawaingii kutembea wakati wa swala, kwa hiyo ratiba yetu inaanza na saa za swala ndipo ifuate mengine. Viatu huvuliwa. Mwezi wa tano na wa sita joto hupita digrii 40, na lile jiwe jekundu la uani huunguza nyayo kweli kweli. Soksi nene ziko kwenye mkoba wangu, jozi sita, nimezifua.

Wengine wanatuomba Delhi na Agra siku moja. Hatufanyi. Agra ni zaidi ya kilomita 200 kwenda tu, Taj Mahal pekee inataka saa tatu, na Ijumaa imefungwa kwa wageni. Tulimpoteza mteja kwa kukataa hilo. Akaenda na mwingine siku ya Ijumaa, akaiona Taj kutoka ng'ambo ya mto. Tulimhurumia, maana alikuwa na siku mbili tu kabla ya ndege.

Nimalizie na mama mmoja wa Tanga, mtu wa kwetu kabisa, aliyetibiwa goti hapa. Mwanawe alitaka mama aone kaburi la Humayun, na hana kosa, ni jengo zuri mno. Mjane wa mfalme, Bega Begum, ndiye aliyeagiza lijengwe, miongo mingi kabla ya Taj. Lakini kufika juu ya jukwaa lake kuna ngazi za mawe, zimesimama wima na vidato vyake ni virefu. Mume wangu alikataa. Mtoto akakasirika, akasema tunawabania. Tukampeleka mama bustanini chini, tukamwekea kiti kivulini, mahali ambapo kuba linaonekana lote na maji yanapita kwenye mifereji. Mwanawe akapanda na mume wangu, mimi nikabaki na mama tukizungumza Kisambaa. Alikunywa dawa yake saa nane kamili, kama daktari alivyoandika. Kisha tukaenda Qutub, ambako sehemu kubwa ni tambarare, akatembea mwenyewe na fimbo yake mpaka kwenye ile nguzo ya chuma yenye umri wa miaka kama 1,600, akaizunguka pole pole, akaniuliza mbona haijashika kutu. Jibu alipewa na mume wangu, la fosforasi iliyomo kwenye chuma na ngozi nyembamba inayojengeka juu yake, na mimi nikatafsiri, na mama akasema angemwambia fundi wake wa mabati.

Yule kaka wa Morogoro hatumrudishii hela, tumemwambia hivyo kwa heshima. Tumemtumia mchanganuo wote na picha za risiti zake.

Ukituandikia kuomba siku, tuambie mambo haya: siku zako za kuonana na daktari, nani kati yenu hawezi ngazi, dawa zinanywewa saa ngapi, na kama kuna anayeswali. Jumatatu tutakupangia bila Red Fort. Siku za kukaribia tarehe 15 Agosti ngome hiyo hufungwa pia kwa ajili ya maandalizi ya sikukuu ya uhuru, kwa hiyo usitulaumu tukikupa Humayun badala yake. Tunafika nyumba ya wageni saa mbili kasoro robo asubuhi, na dereva hapigi honi. Mimi ndiye napanda kugonga mlango.