Chuo cha nje kikaguliwe kabla ada haijalipwa

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo nichangie suala la vyuo vikuu vinavyovuka mipaka na kufundisha katika nchi za wenzao. Wapo wanaotaka vifungiwe mlango kabisa. Wapo wanaosema tuviache, soko litatenganisha pumba na mchele. Mimi nimekaa miaka mingi upande wa pili wa meza, nikipokea maombi ya kazi na kufungua bahasha za vyeti, na sikubaliani na kundi lolote kati ya hayo mawili.

Nakumbuka binti mmoja aliyeleta shahada ya biashara. Karatasi nzito, muhuri wa kubonyea, jina la chuo cha bara jingine. Nikapekua nakala ya matokeo nijue alisomea wapi, sikuona neno. Kumbe alisomea ghorofa ya tatu ya jengo la kupanga, katika mji uleule aliozaliwa. Hilo si kosa hata kidogo. Shida ilianza tulipopeleka cheti kikahakikiwe. Chuo kipo, na kina ithibati kwao, ila ithibati hiyo ilihusu kozi zinazofundishwa kwao tu. Lile tawi la ghorofani halikukaguliwa na mtu, si wa huko wala wa huku. Nilipomweleza hakulia, wala hakugombana nami. Aliuliza tu, "Sasa mzee, mbona waliruhusiwa kuweka bango?"

Sikuwa na jibu. Katika nchi nyingi serikali hujitokeza mlango wa kutokea, mhitimu anapokuja na cheti mkononi kutafuta kutambuliwa. Wakati huo ada imeshaliwa na miaka mitatu hairudi.

Hong Kong iliona hilo mapema. Sheria yake ya mwaka 1996 inataka kozi ya nje inayoelekea kwenye shahada isajiliwe kwanza, na chuo kithibitishe kuwa kiwango chake kinalingana na kozi kama hiyo inayotolewa kwao na kwamba huko kwao inatambuliwa. Tangazo nalo lina masharti yake. Ni lazima libebe namba ya usajili pamoja na maelezo kwamba kuikubali sifa hiyo ni hiari ya kila mwajiri. Nayapenda maelezo hayo kwa ukavu wake. Hakuna chuo ambacho kingejiandikia maneno kama hayo bila kulazimishwa.

Lakini sheria hiyohiyo iliacha mwanya: kozi inayofundishwa kwa masafa pekee hailazimiki kusajiliwa. Mwaka 1996 masomo ya masafa yalikuwa vitabu vinavyofika kwa posta. Leo mhadhara unaingia kwenye simu, ada inalipwa kwa simu, na lile bango la yule binti nalo limehamia humohumo. Mwanya umekuwa lango.

India imeshika njia nyingine. Kanuni zake za mwaka 2023 zinataka chuo cha nje kinachotaka kufungua kampasi kiwe miongoni mwa 500 bora kwenye orodha za ubora duniani, kwa ujumla au katika somo fulani, au kiwe na ubobezi wa kipekee katika fani fulani. Hapo sijaridhika. Orodha hizo hupima zaidi utafiti na sifa ya makao makuu. Hazisemi nani atasimama mbele ya darasa la tawini, na kama atakuwepo muhula ujao.

Jina kubwa si kinga. University of New South Wales ya Australia ilifungua kampasi Singapore mwezi Machi 2007, tena kwa mwaliko wa serikali yenyewe, na Juni haijaisha ikafungasha virago. Wanafunzi walikuwa 148, wachache mno kuiendesha. Walau wao walipewa nafasi ya kuendelea Sydney. Chuo chenye mfuko mwembamba kingewapeleka wapi? Ndiyo maana nadhani dhamana ya fedha, inayotosha kurudisha ada au kumalizia masomo ya waliokwisha kuingia, iwekwe benki kabla ya darasa la kwanza. Wenye nia njema haitawaumiza sana.

Wale wa kufunga mlango nawakumbusha kuwa tangu mwaka 1858 University of London imekuwa ikitahini watu ambao hawakukanyaga madarasa yake. Nelson Mandela alisomea sheria kwa mpango huo akiwa gerezani. Elimu ya mbali imewafaa watu ambao vyuo vya karibu viliwakataa, au havikuwepo kabisa.

Kuna jambo jingine ambalo halizungumzwi vya kutosha. Mkataba wa kimataifa wa UNESCO kuhusu utambuzi wa sifa za elimu ya juu ulianza kutumika Machi 2023. Kwa nchi zilizouridhia, mamlaka inayokataa sifa ya mtu ndiyo inayobeba mzigo wa kuonyesha tofauti kubwa iliyopo. Ni jambo la haki kwa mhitimu, naliunga mkono. Ila lina maana kwamba ule mlango wa kutokea unazidi kuwa mgumu kuufunga, na nchi isiyokagua mlango wa kuingilia itajikuta imebaki mikono mitupu.

Nchi zinakotoka vyuo hivi nazo zisijifiche. Australia inavisimamia vyuo vyake popote vinapofundisha, hata nje ya mipaka yake. Inakuwaje nchi nyingine zikubali jina lao liuzwe ng'ambo bila kutuma hata mkaguzi mmoja?

Mwisho, orodha za mamlaka. Nyingi hutaja jina la chuo na kuishia hapo. Mzazi anahitaji kuona kozi gani, inafundishwa wapi, kibali kinakwisha lini, na ni wakala gani ameruhusiwa kupokea fedha. Chuo kimoja huweza kuwa na kibali cha kozi mbili, kikatangaza tisa. Nimeviona vyeti vya hizo saba zilizobaki, na wenye navyo bado wananipigia simu kuuliza kama kuna lolote jipya.

Afisa utumishi mstaafu