Risala ya Kikundi cha Wakulima wa Soya, Mkoa wa Ruvuma, kwa Mgeni Rasmi katika Siku ya Mkulima Shambani

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, Mgeni Rasmi, Waheshimiwa Madiwani, Afisa Kilimo wa Wilaya, Mtendaji wa Kata, wazee wetu, wakulima wenzetu, mabibi na mabwana.

Shikamoni wakubwa zetu. Kwa niaba ya wanakikundi wenzangu nakukaribisha katika shamba darasa letu. Umekubali kuja mvua zikiwa zimepamba moto na barabara ikiwa kama ulivyoiona. Tunakushukuru kwa dhati.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Umepitishwa kwenye vipande viwili vya soya vilivyopandwa siku moja, kwa mbegu ya aina moja. Kimoja majani yamekolea kijani, kingine yamepauka na kuelekea unjano. Vyote viliwekewa mbolea ya Minjingu wakati wa kupanda, na hakuna kilichopata urea. Kilichovitofautisha ni unga wa bakteria wa raizobia tuliopaka mbegu za kile kipande cha kwanza.

Asilimia 78 ya hewa ni naitrojeni, kirutubisho kilekile tunachokinunua kwenye mfuko wa urea, lakini mmea peke yake hauwezi kuichukua hewani. Raizobia wanaiweza kazi hiyo. Huingia kwenye mizizi, soya ikawajengea vinundu na kuwalisha sukari, nao wakaigeuza naitrojeni ya hewani kuwa chakula cha mmea. Jambo hili si geni: mwaka 1888 Mholanzi Martinus Beijerinck alifanikiwa kuwatenga bakteria hao kutoka kwenye vinundu. Brazil, kwa juhudi za watafiti kama Johanna Döbereiner, imejenga kilimo chake kikubwa cha soya juu ya bakteria hawa, kwa kutumia mbolea kidogo mno ya naitrojeni. Huku kwetu, Chuo Kikuu cha Sokoine pale Morogoro kiliwahi kutengeneza unga wa namna hii ulioitwa Nitrosua, na jirani zetu Kenya wanatengeneza Biofix huko Nakuru. Elimu ipo karibu yetu, Mheshimiwa.

Ukimaliza kutuhutubia tutakuomba uchimbe mche mmoja kwa jembe. Tafadhali usiuvute kwa mkono, maana vinundu vitakatikia ardhini. Pasua kinundu kwa ukucha. Ukikuta ndani mna wekundu kama wa nyama mbichi, bakteria wako kazini. Ukikuta kijani au kijivu, mmea haupati kitu hapo.

Upakaji wenyewe akina mama wa kikundi wanaumudu vizuri sana. Mbegu zinawekwa kwenye beseni chini ya mti, zinanyunyiziwa maji ya sukari kidogo ili unga ushike, kisha unga unachanganywa taratibu mpaka kila punje iwe nyeusi. Zinapandwa siku hiyohiyo kwenye udongo wenye unyevu na kufukiwa mara moja. Jua likizipiga, bakteria wanakufa. Mbegu iliyokwisha kupakwa dawa ya kuua fangasi nayo inaweza kuwaua.

Tunapenda kusema wazi pia mipaka ya unga huu, kwa sababu wakulima wameanza kuuliza kama unafaa kwenye mahindi. Raizobia hawajengi vinundu kwenye mahindi. Tena kila jamii ya mikunde ina bakteria wake: wa soya si wa maharage. Kunde na karanga mara nyingi huwapata wao wenyewe udongoni, ila soya huchagua, na ndiyo maana inahitaji kupelekewa. Wala bakteria hawaleti fosforasi, kirutubisho kingine ambacho mmea unakihitaji na kinachopatikana kwenye Minjingu, ndiyo maana mbolea hiyo tumeibakiza.

Mahindi yatakayofuata msimu ujao yatafaidika endapo tutaacha tabia ya kung'oa soya nzima na kwenda kuchoma mabua nyumbani. Sehemu kubwa ya naitrojeni huondoka na punje. Kinachobaki kwa ajili ya shamba ni majani, mabua na mizizi. Sisi tumekubaliana kukata kwa mundu na kurudisha makapi shambani, na tunawasihi majirani wafanye hivyo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Kilio chetu kikubwa ni upatikanaji. Unga huu ni viumbe hai. Gramu moja ya unga bora hubeba bakteria wapatao bilioni moja, lakini pakiti ikikaa dirishani dukani inapigwa jua, mkulima ananunua vumbi. Baadhi yetu tuliuziwa pakiti za namna hiyo, na mizizi ilitoka mitupu. Mwanakikundi mmoja aliapa kutorudia, na hatumlaumu.

Kwa hiyo tunaomba maduka ya pembejeo wilayani yakaguliwe kuhusu tarehe ya mwisho wa matumizi na mahali pa kuhifadhia. Tunaomba ofisi ya ugani ya kata ipatiwe friji, ili pakiti zifike mwezi Novemba na kutunzwa mpaka siku ya kupanda. Tunaishukuru Serikali kwa ruzuku ya mbolea iliyoanza msimu wa 2022/2023, na tunaomba unga wa raizobia nao ufikiriwe. Mwisho, tunaomba udongo wetu upimwe tindikali, kwa kuwa ikizidi bakteria hawastawi, na panapohitajika chokaa tuelekezwe kiasi.

Kwa upande wetu tutaendelea kutunza shamba hili kila msimu na kumpokea mkulima yeyote anayetaka kujifunza kupaka mbegu, bila malipo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha. Karibu sana uzungumze nasi, na jembe liko tayari.