Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2025

Ndugu wanachama, wazee wetu, kina mama na vijana wa Houston, nawasalimu.

Shughuli za kawaida mnazijua. Futari ya pamoja ilifanyika, Pasaka tuliila pamoja, wafiwa tulisimama nao, na darasa la Kiswahili la Jumamosi linaendelea. Mapato yalikuwa dola 11,400 na matumizi dola 9,850; anayetaka mchanganuo amwone mhazini.

Sasa nizungumzie basi lililotupeleka Austin, mji mkuu wa jimbo letu la Texas, kuupinga mswada wa vocha, yaani fedha za umma za kumlipia mtoto karo ya shule binafsi. Tangu Machi maneno yamekuwa mengi: kwamba mwenyekiti amekiingiza chama chetu cha kijamii kwenye siasa, na kwamba dola 1,900 za kukodi basi zilitoka bila idhini ya mkutano mkuu. Nayajibu hapa mbele yenu.

Katiba yetu inairuhusu kamati tendaji kutumia hadi dola 2,000 kwa jambo la dharura. Kamati ya elimu ya Baraza la Wawakilishi la Texas ilikuwa inasikiliza maoni ya wananchi juu ya mswada wa vocha. Tungengoja mkutano huu, tungekuwa tunajadili sheria iliyokwisha kutiwa saini. Na kuhusu siasa, sheria inakikataza chama kama chetu kumpigia debe mgombea. Haikikatazi kutoa maoni juu ya mswada, ilimradi isiwe ndiyo kazi yake kubwa. Hatukumtaja mgombea hata mmoja.

Wapo ndugu zetu wenye watoto katika shule za dini walioufurahia mswada huo, na siwalaumu, maana karo ni mzigo mzito. Lakini dola bilioni 1 za umma zimetengwa, na mtoto wa shule binafsi atapata takriban dola 10,000. Kwa hesabu hiyo ni watoto laki moja hivi, ilhali shule za umma za Texas zina watoto wapatao milioni 5.5. Tena shule binafsi ndiyo inayomchagua mtoto. Aliyefika juzi kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, bila neno la Kiingereza, anayelazimika kumpokea ni shule ya umma. Shule hizo hulipwa kwa wastani wa mahudhurio: wakiondoka watoto wawili watatu kila darasa, fedha zinapungua, lakini umeme, basi na mshahara wa mwalimu haviondoki nao. Kiwango cha msingi ambacho jimbo hutoa kwa kila mwanafunzi kilikaa dola 6,160 tangu 2019, na mwaka huu kimeongezwa dola 55 tu.

Walimu wenyewe wanakatazwa na sheria ya Texas kugoma. Mzazi asipowasemea, nani atawasemea?

Wanaosema fedha zilipotea kwa sababu mswada ulipita, wakumbuke Novemba 2023. Baraza lile lile liliziondoa vocha kwa kura 84 dhidi ya 63, na Warepublican 21 walikuwa upande wetu. Safari hii tulishindwa kwa kura 85 dhidi ya 63, na Gavana Greg Abbott akatia saini tarehe 3 Mei. Lakini sheria ya HB 2 imeleta takriban dola bilioni 8.5 kwa shule za umma, nyongeza ya mishahara ya walimu ikiwemo, na naamini sauti za wazazi zilichangia. Mimi mwenyewe nilisimama mbele ya kamati ile nikawasemea watoto wenu, na nitasimama tena nikitumwa.

Kinachoniuma ni kwamba basi la viti 50 lilipanda watu 17. Orodha ya waliothibitisha kwa simu ninayo. Na katika wanachama 210, waliolipa ada kamili ni 64, na baadhi ya wanaouliza kwa sauti kubwa fedha zimekwenda wapi hawamo katika hao 64. Huo ndio ukweli, na sina budi kuusema.

Vocha zinaanza mwaka wa masomo 2026–27, na Bunge la jimbo litakaa tena Januari 2027. Tunatarajia kuunda kamati ndogo ya elimu, kuwahimiza wenye uraia wajiandikishe kupiga kura, na Mungu akijalia kwenda Austin na basi lililojaa. Ada ya mwaka ujao itabaki dola 60, na mhazini amekaa karibu na mlango.

Wenu katika kuwatumikia,
Mwenyekiti