Barua ya wazi kwa Balozi wetu Tokyo: mdogo wangu ni mtu mmoja

Mheshimiwa Balozi,

Salamu kutoka Kondele, Kisumu. Mdogo wangu anasoma huko Japani na nakuandikia juu ya pesa yake ya kibarua, imerudi mara mbili sasa eti jina si lake.

Kwa paspoti ni Otieno, kwa kadi yake ya ukaazi ni Otieno, herufi zetu hizi hizi. Lakini benki za huko zikitumiana pesa jina linaenda kwa katakana, ile hati wanaandikia majina ya wageni, na katakana haina herufi ya "ti" peke yake, lazima uunganishe mbili, "te" na "i" ndogo, kwa hivyo wengine wanaona rahisi kuweka "chi". Benki ikamwandika Otieno, kazini wakamwandika Ochieno, alafu jina la ubatizo wakaliacha manake nafasi kwa fomu iliisha, sasa pesa ikifika inaonekana ni ya mtu mwingine inarudishwa. Alinipigia video usiku akanionyesha kile kitabu cha benki, kidole kina plasta ya kisu cha jikoni, ananionyesha hiyo "i" ndogo tu, dada ona, ni hii.

Mwanafunzi anaruhusiwa masaa 28 kwa wiki shule ikiwa wazi. Hiyo ndio kodi ya nyumba na ndio chakula. Mama alitoa pesa ya stoki ya omena, dagaa anazouza pale soko la Kibuye, tukamtumia, na stoki yenyewe haijarudi.

Kuna mtu alimshauri akubali tu Ochieno yaishe. Mheshimiwa, Ochieno inasikika kama Ochieng', na kwetu Waluo Otieno amezaliwa usiku na Ochieng' jua likiwaka, hayo si majina ya kubadilishana, na baba aliyempa hilo jina hayuko tena.

Silaumu benki kukagua, wezi wako kila mahali. Naomba ubalozi uwe unatoa barua fupi ya Kijapani yenye muhuri, iseme majina haya yote ni ya mwenye paspoti hii. Na watoto wetu waambiwe kabla hawajapanda ndege, wachague katakana moja waandike hiyo hiyo kwa benki, bima, simu na kazini, na mwajiri apewe picha ya kitabu cha benki anakili, asiandike vile anasikia.

Analipwa tena tarehe 25. Tafadhali tusaidie kabla hiyo siku.

Dada yake mkubwa,
Kondele