Mfumuko ukishuka bei haishuki, tuelezeni vizuri

Ndugu Mhariri, asalam alaykum.

Naomba nafasi kidogo, manake mimi nna duka la vyakula hapa Wete na kila redio na magazeti yakitangaza mfumuko wa bei umeshuka, kesho yake wateja wananijia juu, "mbona mchele hujashusha, si wameshasema bei zimeshuka", na mtu anaondoka anaamini kabisa namuibia.

Tuseme kilo ya mchele mwaka juzi ilikuwa shilingi 2,500, mwaka jana mwezi kama huu ikawa 2,750, hapo imepanda asilimia 10. Mwaka huu ikiwa 2,860 imepanda asilimia 4. Mfumuko umeshuka kweli, toka 10 mpaka 4, lakini mteja anatoa shilingi 110 zaidi ya mwaka jana. Kilichoshuka ni kasi tu. Na ile asilimia ni ya kapu zima la vitu na huduma wanazopima bei zake, mna nauli, kodi ya nyumba, nguo na mafuta, kwa hiyo kapu laweza kutulia huku sukari inapaa. Benki Kuu yenyewe haitafuti bei zirudi nyuma, inataka mfumuko ukae kwenye asilimia 3 mpaka 5, ndo maana toka Januari 2024 inatumia riba yake, ile inayoongoza riba za mabenki, ikaanza na asilimia 5.5, Aprili mwaka huo huo ikapandisha 6, Julai 2025 ikashusha 5.75.

Jengine ni kuchanganya ya Bara na ya kwetu. Ile asilimia ya mfumuko ya NBS, Ofisi ya Taifa ya Takwimu, ni ya Bara, Zanzibar ina yake inayotolewa na Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali, na sisi huku unga na mchele mwingi unakuja kwa meli na majahazi, mwenye chombo akipandisha nauli tunaila kwenye sahani.

Halafu ujazi wa fedha, yaani jumla ya pesa zilizoko mikononi mwa watu na kwenye akaunti zao benki. Mkiandika umeongezeka, barazani wanasema serikali imechapisha noti, na siyo lazima iwe hivyo jamani! Ujazi unapimwa kwa ngazi tatu, M1 ni noti na sarafu zilizo nje ya benki pamoja na pesa za akaunti za hundi, M2 unaongeza akiba na amana za muda maalum, M3 unaongeza na amana za fedha za kigeni. Msimu wa karafuu mtu keshalipwa pesa yake taslimu, hiyo imo M1, akienda kuiweka kwenye akaunti ya akiba inatoka M1 lakini M2 iko pale pale, hakuna shilingi mpya hapo. Shilingi mpya nyingi zinakuja kwa mikopo, benki ikikukopesha inaingiza kwenye akaunti yako na hiyo ni amana tayari. Na dola za mahoteli ya Nungwi na Paje zilizoko benki zimo M3, shilingi ikidhoofika dola zile zile zinahesabiwa kwa shilingi nyingi zaidi, M3 inapanda na hakuna aliyeongeza hata dola moja.

Ninachoomba ni kidogo sana, kila mkitoa habari hizi semeni ni ya Bara au ya Zanzibar, imelinganishwa na mwezi gani, na pembeni wekeni bei ya mchele, unga, sukari, mafuta ya kula na samaki kwa Darajani na Chake Chake, ya mwezi huu na ya mwaka jana mwezi huo huo.

Ahsante,
Mwenye duka, Wete, Pemba