Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Msaada Unaomjenga Anayeutoa

Ndugu wanachama,

Hesabu atazisoma mweka hazina, na mahudhurio yamo kwenye kumbukumbu za katibu. Mimi nitajikita kwenye mpango wetu wa kusaidiana kikazi, kwa sababu kuna swali linaloulizwa nje ya ukumbi bila kufikishwa mezani: anayesaidia, yeye anapata nini?

Anapata, ila si kwa kila msaada. Mwaka 2003 Francis Flynn alichapisha utafiti kuhusu wahandisi wa kampuni moja ya mawasiliano ya simu. Waliotoa kuliko walivyopokea waliheshimiwa na wenzao, lakini kazi zao wenyewe zilizorota. Waliosaidiana mara kwa mara, leo wakitoa na kesho wakiomba, ndio waliopata heshima bila kazi kulala. Kwa hiyo mwanachama anayejigamba kwamba haombi kitu kwa mtu anajipunja mwenyewe, na pia anamnyima mwenzake nafasi ya kulipa.

Pili, tumsaidie nani? Wengi wetu huishia kwa marafiki. Mark Granovetter, katika makala yake ya mwaka 1973, aliwachunguza watu waliopata kazi kupitia mtu wanayemfahamu. Asilimia 16.7 tu walikuwa wakionana na mtu huyo mara nyingi, 55.6 walionana naye mara mojamoja, na 27.8 kwa nadra. Sababu ni nyepesi: rafiki wa karibu anajua yaleyale unayoyajua wewe. Utafiti uliofanywa kwa watumiaji milioni 20 wa LinkedIn, mtandao wa kijamii wa mambo ya kazi, ukachapishwa mwaka 2022, uliongeza jambo: koneksheni iliyosaidia zaidi haikuwa ya mtu wa karibu kabisa wala ya mgeni kabisa, bali ya yule wa katikati. Basi tafuteni mtu wa idara nyingine au fani jirani, mliyewahi kushirikiana naye jambo moja mkapoteana.

Msaada mwepesi kuliko yote ni kuwakutanisha watu, na ndio tunaouharibu zaidi, kwa kugawa namba za wenzetu bila ruhusa. Muulize kwanza anayetafutwa. Akikubali, andika ujumbe mmoja kwa wote wawili: mistari miwili kumhusu kila mmoja, na sentensi moja inayosema wanakutana kwa ajili gani. Kisha jitoe. Akikataa, mwambie mwombaji kwamba haikuwezekana, wala usimtaje aliyekataa. Kazi yote haizidi dakika kumi, na wote wawili wanabaki wakijua kwamba wewe ni mtu unayefahamu nani anafanya nini. Nafasi inapotokea, mtu wa namna hiyo huulizwa mapema.

Barua ya kumpendekeza mtu ni habari nyingine, kwani hapo unaweka rehani jina lako. Usimwandikie ambaye hujaiona kazi yake. Unayemwandikia, taja kazi gani, kwa muda gani, ikaleta nini. "Mchapakazi na mwaminifu" kila mwajiri ameshayasoma.

Wasifu wa kazi usimwandikie mtu upya. Weka alama mahali pasipoeleweka, muulize alifanya nini hasa, aandike mwenyewe. Ukimwandikia, atakwama kwenye usaili akitetea maneno yasiyo yake. Kufundisha nako ni hivyohivyo: mwache kijana ashike kazi, wewe eleza. Ukieleza ndipo unapogundua hatua unazozifanya kwa mazoea bila kujua sababu yake, na hizo ndizo utakazoulizwa siku ukikabidhiwa timu.

Jozi za mlezi na mwanagenzi huvunjika kwa sababu moja kuliko nyingine zote: hakuna aliyesema zinaishia lini. Lengo moja lililoandikwa, miezi mitatu, dakika 45 kila wiki mbili. Muda ukiisha, aidha mnaagana au mnaandika lengo jipya.

Nigusie pia kazi za kuandaa sherehe, kuandika mihtasari na kukusanya michango. Ni msaada kweli, ila wakubwa wa kazi hawauhesabu wakati wa kupandisha vyeo. Linda Babcock na wenzake walionyesha mwaka 2017 kwamba wanawake huombwa kazi hizi zaidi ya wanaume, na hukubali zaidi. Humu chamani nimeona hali ni hiyohiyo. Kamati inapendekeza zigawiwe kwa zamu, kwa kufuata orodha ya majina, badala ya kusubiri atakayejitolea.

Fomu za mpango wa mwaka ujao ziko kwa katibu. Safari hii zina safu mbili: ninachoweza kutoa, na ninachohitaji. Fomu yenye safu moja tupu itarudishwa kwa mwenyewe.

Mwenyekiti