Ukuta wa Mkoani

Chake Chake, Pemba

Sahibu yangu,

Assalamu alaykum. Juzi nilishuka Mkoani kama ulivyoniomba, nikautazama ule ukuta unaozuia kilima nyuma ya nyumba. Nilitundika timazi: juu umeinamia nyumba kiasi cha kiganja, na masika bado yapo. Fundi anataka kuongeza ukuta mwingine mbele yake. Mwambie asubiri.

Ukuta wa mawe huzuia udongo kwa uzito wake, na wako ni mwembamba. Udongo ule ukilowa huwa mzito na hulegea, kipande kizima cha kilima kikataka kuteleza. Ukuta wa pili ukisimama kwenye ardhi hiyohiyo inayotembea, utaondoka nayo. Inafaa kuufunga huu uliopo na udongo wa ndani kabisa, ule uliotulia.

Kumbuka marehemu baba yako alivyokuwa akitia nanga. Haridhiki mpaka ajue imeng'ata, na kamba akiiachia ndefu. Dawa ya ukuta wako nayo ni nanga, ya ardhini. Hutobolewa shimo jembamba kupitia ukutani, limeinama kidogo kwenda chini, hutiwa nondo, kisha uji wa saruji huishika nondo kule mwisho. Sehemu ya kati huvishwa bomba la plastiki lenye grisi isishikwe na kitu, kwa kuwa udongo wa hapo ndio unaotaka kuondoka. Saruji ikikomaa, nondo huvutwa kwa jeki na kukazwa kwa nati juu ya bamba la chuma. Bwawa la Cheurfas kule Aljeria liliimarishwa hivyo miaka ya 1930 na Mfaransa André Coyne, kila nanga ikivuta kiasi cha tani 1,000!

Lakini usilipe kabla kila nanga haijajaribiwa kwa jeki mbele ya mhandisi. Niliwahi kuona moja iliyofupishwa ili kuokoa fedha. Ilipovutwa ilitoka na saruji yake, kama muhogo kwenye tifutifu. Na vichwa vya nanga vikingwe na kutu. Bahari iko pale chini.

Jambo lililoniudhi zaidi ni kwamba ukuta hauna hata tundu moja la kutolea maji. Mhandisi anakuja Jumamosi. Nimemwomba aanze na hilo.

Shangazi yako alikuwa akilala chumba cha nyuma. Nimemhamishia mbele, kitanda na sanduku lake. Alikataa mwanzo. Mpigie simu, umsihi asirudi.

Ndugu yako,
Khamis